Mti Wangu, Udongo Wako

Basel, 29 Septemba 2024

Dada Ersilia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, si kitandani. Huku sisi ni wazima. Norma amebadilishiwa zamu kiwandani, siku hizi tunaonana wakati wa kifungua kinywa tu, naye hunitazama kama mtu anayekagua maziwa kama yamechacha. Magoti yangu yamegoma ngazi. Nimefikisha miaka themanini na miwili na binti yangu ananikatia nyama kwenye sahani. Usimwambie mtu.

Jambo lenyewe ni Iride. Unajua kwamba mjukuu wangu tangu Juni anapima udongo wa misitu ya mikastanya ya bonde letu kwa ajili ya ofisi ya misitu. Amefika hadi kwetu Pianasca. Chini ya miti yako kumi na mmoja amechimba mashimo, na kila kilo ya udongo wangu imetoa gramu ishirini na moja za kaboni. Kwa Fiorenzo, ng'ambo ya ukuta wa mawe tu, sitini. Mlima mmoja, mvua moja, mikastanya ileile.

Mkutano wa wenye misitu utakaa katikati ya Machi. Ikionekana kwamba udongo wetu ulizaliwa maskini, hawatauhangaikia: watakata miti yote, iwe fito na nguzo. Lakini kukiwa na kitu kilichoufukarisha, na kitu hicho kikikoma, basi udongo utarudi, na Pianasca itaandikwa pamoja na misitu inayotunzwa. Haitaguswa miaka hamsini. Iride anahitaji neno la maandishi kutoka kwa anayejua.

Baba aliandika: miti ni ya Ersilia, udongo ni wa Delmo. Mimi nimeondoka kijijini miaka saba sasa, na hata nilipokuwepo, aliyepanda mlimani kule kila vuli ni wewe. Je, unajua lolote?

Mdogo wako,
Delmo


Cavrescio, 21 Oktoba 2024

Mdogo wangu Delmo,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Mkono unatetemeka, na barua ya mkono unaotetemeka husomwa kama ya mtu mwoga, kwa hiyo nilisubiri siku nzuri.

Daktari anasema moyo wangu umechakaa kama soksi iliyoshonwa mara nyingi. Hakuna tena pa kupitisha sindano. Amenipa mpaka miti ichipue, na alivyolisema, ungedhani ananiazima mwavuli. Fiorenzo amevaa kifaa cha masikio. Sasa anasikia kila kitu na haamini chochote. Kengele ya kanisa imepasuka na inalia kama sufuria. Mengine yote yako kama ulivyoyaacha.

Mwaka huu sikupanda Pianasca. Ni vuli ya kwanza tangu mwaka tisini na tatu. Kastanya ameziokota Iride, akanichemshia kwa maziwa. Ndogo, kama vifungo vya shati. Alikaa nazo mezani akizigeuzageuza, hakula hata moja.

Unaniuliza kama ninajua lolote. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na minne, Delmo, ninajua mengi. Lakini nashangaa hukuanza kwa kumuuliza shahidi wa karibu zaidi. Umeshauuliza upepo? Ule upepo wako, ulioangusha mti wangu wa kumi na mbili. Labda ndio uliopita tena ukabeba na kaboni.

Msalimie Norma. Mwambie shangazi yake bado anajikatia nyama mwenyewe.

Ersilia


Basel, 17 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo, na pole kwa moyo. Norma amekufumia shali, itafika na kifurushi cha Krismasi. Ya kijani. Nilimwambia hupendi kijani, akasema mtu wa miaka themanini na sita atavaa atakachopewa. Naona tabia zako zimemwangukia binti yangu.

Basi umerudi kwenye upepo! Miaka thelathini na miwili! Ulikuwa Bellinzona ukimuuguza shangazi Clelia, dhoruba ikaja, mti ukaanguka. Unataka nimshitaki nani, mbingu?

Iride amenipigia simu akilia. Halilii ripoti. Analia kwa sababu anadhani amekosea kupima. Amechimba upya mashimo tisa, mvua ikimnyea, na gramu ni zilezile. Aliniambia, "Babu, ama mizani yangu mbovu ama mlima wetu una ugonjwa ambao haumo vitabuni." Ulimfundisha wewe mwenyewe, alipokuwa na miaka sita, kunusa udongo kabla ya kuugusa. Sasa anaunusa na haumwambii kitu.

Kama una neno, liseme. Usizikwe nalo.

Delmo


Cavrescio, 13 Desemba 2024

Delmo,

Shali imefika. Kijani kweli. Nimeivaa. Theluji imefunga barabara ya juu kwa siku nne, na Fiorenzo ananiletea mkate, akiuweka mlangoni na kukimbia kama mtu aliyetega bomu. Padri alikuja kuniungamisha. Nilimwambia madogo. Kubwa nimelihifadhi kwa ajili yako, maana wewe ndiye niliyekutendea, na Mungu hana shamba Pianasca.

Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwadai wanafunzi.

Miti ile kumi na miwili alinipa baba, lakini aliyeibebesha, akaiunga vikonyo vya aina bora, ni mume wangu Tarcisio, baada ya ugonjwa wa magamba kuikausha ile ya kwanza. Wa kumi na mbili aliubebesha wiki tuliyooana. Akafungua kidirisha katika gamba, akapasha chuma moto, akachoma herufi E ndani ya mbao yenyewe. "Gamba litaifunika," aliniambia, "lakini itabaki humo humo kama jina la mtu mdomoni." Alipokufa, mwaka themanini na saba, mti ule ulikuwa umeshaifunika kabisa. Ni mimi tu niliyejua iko wapi.

Mwaka tisini na mbili nilirudi kutoka Bellinzona, ukaniambia upepo. Niliona kisiki. Kilikuwa bapa kama meza. Nilijisemea, labda mdogo wangu amekata kisiki baada ya mti kuanguka, kukisafisha. Mtu akitaka kuamini huwa na akili nyingi.

Mwezi wa tano uliofuata Iride akabatizwa. Tulikula ugali wa polenta na sungura kibarazani kwako, chini ya mizabibu, na kwa ajili ya siku hiyo ulikuwa umesimamisha nguzo mpya. Mimi nilikalishwa mwisho wa meza, bega kwa bega na nguzo moja. Nikageuka kutafuta chumvi. Herufi E ilikuwa kwenye usawa wa jicho langu, imenigeuzia mgongo, kwa kuwa wewe, fundi hodari, husimika nguzo kichwa chini ili maji yasipande. Gamba lililoificha ulikuwa umelibandua kwa mikono yako.

Ukapita na chupa. "Kunywa, mwalimu! Mbona umeduwaa?"

"Naitazama nguzo yako."

"Nzuri, eh? Mkastanya. Haiozi hiyo."

"Umeipata wapi?"

"Upepo umenizawadia!" Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, Delmo. Nikainua glasi. Kicheko kile ndicho kilichonikaa kooni.

Vuli ile nilipanda Pianasca na reki na tenga la mgongoni. Baada ya kastanya kuokotwa na majani yote kushuka, nilifyagia. Kila jani, kila ganda la miiba, kila kijiti, mpaka udongo ukabaki uchi. Matenga kumi na nane chini ya mti mmoja. Nilibeba nyuma ya grà, ile nyumba yangu ya kukaushia kastanya, nikamwaga. Mwaka uliofuata tena. Na uliofuata. Vuli thelathini na moja.

Nani angeshuku? Bibi zetu wote walifyagia majani, watandikie ng'ombe. Fiorenzo peke yake aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, ng'ombe ulimuuza mwaka themanini na tano. Unamtandikia nani?" Nikamjibu, "Ng'ombe asiyeonekana ndiye anayekula zaidi." Akacheka, akanishikia tenga nipande ukuta.

Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nikiwachorea wanafunzi ubaoni: mti huvuta hewa, hewa inakuwa jani, jani linaanguka, minyoo na kuvu vinalitafuna, na kinachobaki kinakuwa ule weusi wa udongo, humo kaboni hulala miaka mia bila kurudi angani. Kengele ikilia nilifuta ubao. Vuli ikifika nilifuta mlima.

Mti ni wangu, jani ni langu, udongo ni wako. Sikukuibia kitu. Nilikunyima tu.

Hayo ndiyo yaliyo kwenye mashimo ya Iride. Mizani yake haina kosa. Na mkutano sitauandikia hata mstari mmoja. Nimekuandikia wewe ujue, na ukijua ushindwe kusema. Maana ukiwaambia nilifyagia, watauliza kwa nini, na jibu limesimama kibarazani kwako limebeba zabibu.

Krismasi njema.

Ersilia


Basel, 2 Februari 2025

Dada Ersilia,

Shikamoo. Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimetulia, na nimetulia. Norma anakusalimu. Alipata mafua, amepona. Mimi nimepewa fimbo yenye miguu minne, naiita ng'ombe wako.

Nimesoma ungamo lako mara tatu. Ni zuri, lina mpangilio, ningekupa alama zote. Lakini mwalimu, umesahau swali moja. Reki ulipewa na nani?

Mwaka tisini na nne, mwezi wa kwanza, uliniletea reki imevunjika meno matatu. Unakumbuka? Nilikuwa karakanani, nimewasha jiko. Nikakuuliza, "Dada, huna ng'ombe, reki ya nini?" Ukasema, "Ya kunyooshea mgongo." Nikasema sawa. Kesho yake nikapanda Pianasca. Udongo ulikuwa uchi kama paja. Nikaelewa reki yako ilikuwa ya kazi gani.

Nikarudi nikakutengenezea reki mpya. Ile ya zamani ilikuwa na meno kumi na sita; hii niliipa ishirini na mawili, yamebanana, yashike hata vipande vidogo. Kila kipupwe nilikubadilishia meno yaliyochakaa. Uliniletea mkate wa kastanya kama shukrani. Niliula, ulikuwa mtamu. Nilipohamia Basel nilikuachia mfuko wa meno ya akiba nyuma ya mlango wa karakana, na naona uliyatumia.

Sasa soma karatasi ya baba, siyo mstari wa kwanza tu ambao hupenda kuwasomea watu. Soma wa pili. "Miti ni ya Ersilia kwa muda itakaosimama. Utakaokauka au kuanguka, mahali pake ni pa Delmo." Ulidhani unanyima udongo wangu chakula. Ulikuwa unainyima miti yako, na mimi nilikuwa nakuchongea kijiko. Kila mwaka nilihesabu matawi makavu. Kastanya kama vifungo, umesema mwenyewe! Uliponiandikia hivyo nilicheka mpaka Norma akaja kuangalia kama nimepaliwa.

Na ndiyo, mti wa kumi na mbili niliukata mimi. Uliitia kivuli mizabibu niliyokuwa nayo kule, lakini si hilo. Wewe ulipelekwa shule Locarno, ukapewa na miti. Mimi nilipewa udongo wa kuisimamishia miti yako. Nilikuwa na miaka hamsini na mlimani hapakuwa na kitu hata kimoja chenye herufi yangu. Herufi yako sikujua imo humo. Ilipojitokeza chini ya gamba niliogopa kidogo, halafu nikasimika nguzo nilivyokusudia, nikakuwekea kiti.

Basi mwezi wa tatu wakate. Miti ikilala chini, mahali pote ni pangu. Nilikuuliza mwezi wa tisa kwa ajili ya Iride tu, nipate kumwambia nimeuliza. Nilijua hutasema.

Pumzika.

Delmo


Cavrescio, 16 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Kipupwe kimekwisha, maji yanashuka kila mahali. Siinuki tena kitandani, Iride amekisogeza karibu na dirisha. Ninaandika mistari mitano, ninalala, ninaandika mitano. Utaona wino unavyobadilika.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Ilinitosha. Kwa vuli thelathini na moja niliwaza jinsi ya kukukosesha, na kumbe kila tenga nililobeba nilikuwa nakubebea wewe. Umenishinda vizuri sana. Niliiona karatasi ya baba vilevile, mstari wa pili, kwa mwandiko wake. Sikuwahi kuusahau, niliamini tu kwamba mkastanya ni mgumu kuliko wewe.

Nikakaa nikawaza: nikinyamaza, wanakata, na Delmo anapata vyote. Nikisema, miti inasimama. Sikuwaza zaidi ya hapo. Watu hapa wanasema nimeguswa na neema kabla ya kufa. Waache.

Nilimwita Iride nikampa barua zote mbili, nakala ya yangu na asili ya yako. Alisoma kwa kusimama. Alipomaliza aliziweka juu ya blanketi, akazilinganisha pembe kwa pembe, kama unavyofanya wewe na mbao.

"Bibi, ulipokuwa ukinifundisha kunusa udongo, ulikuwa unafyagia?"

"Ndiyo."

"Jumamosi unanipa zamu ya kunusa, Jumapili unapanda na reki?"

"Jumatatu. Jumapili nilikuwa kanisani."

Hakucheka. Akauliza, "Na babu alijua reki ni ya kazi gani, kila mwaka?"

"Soma mwenyewe. Mwandiko wake mzuri, hukuujua?"

Akatoka nje kwa muda. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye kifundo, na mkononi alikuwa na konzi ya udongo kutoka nyuma ya grà, mahali nilipokuwa nikimwaga. Mweusi kama masizi, unameguka kama keki. Akanipa ninuse. Huko tumeuweka mlima wako wote, Delmo, umelala salama. Ameupima: gramu mia na arobaini.

Jana mkutano ulikaa. Mimi sikwenda, lakini Fiorenzo alikuja kunisimulia akiwa bado amevaa kofia. Iride alisimama mbele ya wote akasoma barua yangu. Halafu akasoma yako, mpaka "nikakuwekea kiti". Anasema kifaa chake kilianza kupiga mluzi, na ukumbi mzima ukausikia. Kisha yeye, Fiorenzo, akasema kwa sauti, "Hawa wawili wamelishana njaa miaka thelathini, na hakuna aliyekonda ila udongo!" Wakacheka, na walipocheka wakapiga kura. Pianasca inatunzwa. Miaka hamsini, bila reki, bila msumeno. Jumatatu wanaanza kuurudisha ule weusi wa nyuma ya grà kwa matenga, chini ya kila mti, na majani yatalala yanapoangukia.

Miti nimemwandikia Iride, mbele ya wakili. Kumi na mmoja, kwa muda itakaosimama. Sasa hesabu matawi. Itakushinda kwa miaka mia tatu.

Usidhani nimekuomba radhi. Nimeuomba udongo. Wewe na mimi bado tuna nguzo kati yetu. Ninataka uichimbue kwa mikono yako, si kwa mikono ya kijana yeyote, uibebe mpaka Pianasca, uilaze pale kilipo kisiki cha mti wa kumi na mbili, herufi ikitazama juu, ioze hapo. Ulisema mwenyewe haiozi. Vizuri. Iride ataiona ikiwa bado nzima akiwa bibi kizee, naye atawaeleza watoto wake ni ya nani.

Reki nimekutumia kwa posta. Meno nimeyang'oa yote. Yako kwenye bahasha, ishirini na mawili, unaweza kuyahesabu.

Daktari alisema mpaka miti ichipue. Kutoka dirishani naona kichaka cha muelda kimeshaanza kuchipua.

Ersilia


Basel, 25 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Reki imefika. Norma aliuliza ni ya nini, nikamwambia ya kunyooshea mgongo.

Iride alinipigia simu akanisomea barua yangu mwenyewe, neno kwa neno, mimi nikiwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Naijua, mjukuu wangu, niliiandika mimi." Akaendelea kusoma. Alipofika mwisho alisema, "Kwaheri, bwana Delmo." Hajawahi kuniita hivyo tangu azaliwe.

Nakuja Jumamosi na treni ya asubuhi, mimi na ng'ombe wako wa miguu minne. Mwambie Fiorenzo anitafutie jembe na sururu, kisha akae mbali. Nitachimba mwenyewe hata kama itachukua siku nzima, na itachukua. Kitanda chako wakigeuzie upande wa kibaraza changu, uone vizuri.

Usife kabla ya Jumamosi. Ukifa, naishindilia tena palepale.

Delmo